Ngoma za Kiukraini jukwaani: jioni yangu Edmonton

Ijumaa iliyopita nilikwenda kutazama kikundi cha ngoma za asili za Kiukraini hapa Edmonton, Kanada, mji wenye wakazi wengi wa asili ya Ukraini, nikiwa nimelipa dola 48 kwa kiti cha safu ya tatu. Walifungua kwa ngoma ya kukaribisha wageni, wasichana wenye mataji ya maua na riboni wakitutolea mkate na chumvi juu ya kitambaa kilichotariziwa. Ilipendeza, ingawa haikuwa na jipya.

Kilichonishika ni arkan, ngoma ya wanaume wa Kihutsul wa milima ya Karpati. Kijijini huchezwa katika duara, mikono ikiwa mabegani mwa wenzao na nyuso zikielekea ndani, kwa kuwa wanachezeana wao kwa wao. Jukwaani tungeambulia migongo, kwa hiyo mtunzi wa ngoma aliliacha duara lifunguke polepole hadi likawa nusu mwezi, kisha akalifunga tena huku taa zikififia, tukabaki kusikia buti zikigonga mbao na wanaume kumi na wawili wakihema. Hatua zenyewe hakuzigusa, na ubunifu wa namna hiyo naukubali bila kusita.

Hopak, ngoma ya Kiukraini ya miruko ambayo ndiyo watu wengi huijia, ilinigawa moyo. Zamani mwanamume aliicheza kwa kubuni papo hapo. Aliyechangia sana kuifanya tamasha la wachezaji wengi jukwaani ni mtunzi wa ngoma Pavlo Virsky, ambaye mwaka 1937, pamoja na Mykola Bolotov, alianzisha kundi la Kyiv linaloitwa kwa jina lake hadi leo. Kwa hiyo sina ugomvi na anayeibadilisha. Ugomvi wangu ni na muziki wa kompyuta uliorekodiwa, kwa sababu mruko wa kuchuchumaa humhitaji mpigaji anayemtazama mchezaji na kumsubiri atue, na spika haimsubiri mtu. Kijana mmoja alikuwa bado hewani, miguu imetanuka, wimbo ulipokatika. Alitua kimya kimya, akatabasamu kwa aibu, nasi tukampigia makofi ya huruma.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ukienda, usirudie kosa langu la kulipia safu za mbele: mistari ya hopak inayopishana na magurudumu ya wachezaji yanayozunguka ndani ya mengine huonekana vizuri ukiwa ghorofani, na tiketi za huko ni nafuu zaidi.