Ubao wa herufi za kupachika: mbona "mama" haiandikiki?

Haya, haya, karibuni tena. Mnaonifuata siku nyingi mnajua, nikikaa hapa mezani bila salamu ndefu, kuna kitu kimeniudhi. Leo ni hiki hapa. Ubao wa herufi. Mmeshauona kila duka la vifaa vya watoto, A mpaka Z, rangi rangi, kila herufi na tundu lake, sina haja ya kuwasomea boksi. Nimeununua hapa hapa Kigoma, shilingi 12,000. Mwenye duka alianzia 15,000, nikamwambia kaka, mimi mwenyeji, sikushuka melini jana.

Nianze na kizuri, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Sogea karibu kamera... ngoja... hapo. Mnaona hiki kishikio? Kila herufi ina kijiti kifupi katikati. Mtoto hawezi kuikwapua kwa kiganja kizima kama anavyokamata tonge. Lazima atumie gumba, shahada na kidole cha kati, na vidole hivyo vitatu ndivyo atakavyoshikia penseli kesho.

Niko na binti wa dada yangu, ana miaka minne. Uso simwonyeshi, mama yake hataki. Tazameni mkono tu. Mama, chukua hiyo S. Kaichukua. Kaipeleka kwenye tundu la Z. Haiingii. Anasukuma. Anasukuma tena. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tunanyoosha mkono tunampachikia sisi. Muacheni! Kaileta kwenye tundu lake, lakini imekaa upande. Sasa katulia. Mkono haujongei, macho yanatoka kwenye herufi, yanaenda kwenye tundu, yanarudi. Anaizungusha kidogo, kidogo... tak! Mmesikia huo mlio? Mimi naupenda mno, nimeurudia mara nne kwenye kuhariri. Halafu kwa sababu ya kishikio, herufi hailali kifudifudi. Ile mbao ya bei poa niliyowaonyesha mwaka jana haikuwa na vishikio, mtoto alikuwa anailaza S tumbo chini, kisha anashangaa mbona haikai.

Haya, hasira zangu sasa. Alipozipachika zote nikasema tuhamie kusoma. Nikazimwaga mezani, nikamwambia tuandike "mama". Akatafuta M, akapata. Akatafuta A, akapata. Ma. Halafu akaanza kupekua. Chini ya ubao, ndani ya boksi, chini ya goti langu. "Mamdogo, M nyingine iko wapi?"

Jamani, M nyingine haipo. Wameweka moja. A nayo moja. Kwa hiyo mama haiandikiki, baba haiandikiki, kaka, dada, babu, bibi, hakuna. Hata mjomba, M mbili! Ukoo mzima umefungiwa nje. Aliyetengeneza ubao huu alikuwa anawaza Kiingereza, huko "cat" ni herufi tatu tofauti, umemaliza. Sisi silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, zisijirudie zitakwenda wapi? Halafu wakatujazia Q na X ambazo alfabeti yetu haina. Wangenipa A mbili badala ya hizo, ningelipa hata hiyo 15,000.

Jana usiku nimekaa na kalamu natafuta maneno yanayoandikika. Kigoma! K, I, G, O, M, A, hakuna inayojirudia. Nilishangilia peke yangu. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, inaandikika. Liemba, ile meli yetu, inaandikika. Dagaa? A tatu, sahau. Ujiji ndiyo usiseme. Na ndugu zetu wa Tabora, poleni, A ya pili mtaitoa wapi.

Ila niwe mkweli. Kwenye silabi ubao huu umenikata maneno. Weka M, usiiguse. Leta A: ma. Toa A, leta E: me. Halafu mi, mo, mu. M imekaa pale pale, irabu zinapokezana, na anayebadilisha ni mtoto kwa mkono wake. Siku ya tatu huyu bibie alikuwa ananitangulia kusoma. Lakini msimfundishe "em" na "ei", maana em na ei ukiziunganisha hupati ma hata ukeshe. Mwambie sauti. Kwa hiyo ile "USINUNUE" niliyoiandika kwenye picha ya video nadhani nitaibadilisha. Au niiache tu, inaleta watazamaji.

Najua mtaniuliza kuhusu vile visleti vya betri vinavyofutika kwa kitufe. Vizuri kwa kuchora, ila mtoto akishakijua kile kitufe, anafuta kabla hajatazama alichoandika.

Mimi nilichofanya, nimekusanya vizibo vya chupa za maji, nikaandika juu kwa maka peni. A kumi, I nane, M sita, na kuendelea. Bei, sifuri. Ila mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe, atavipeleka mdomoni. Kipimo changu ni lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha: kitu kikipita humo, mdogo hakishiki.

Matangazo kidogo. Ijumaa hakuna video, nakwenda Kasulu msibani. Maikrofoni mpya imefika, ndiyo maana leo hamsikii jogoo wa jirani. Hee, huyo kawika! Basi. Bonyezeni kengele, na mniandikie maneno mengine ya herufi zisizojirudia, yangu yameisha.

Wewe mama, umenyamaza hivyo, unafanya nini na vizibo? Hebu sogezeni kamera. M, A, M, A, M, A, M, A... Anatafuta M nyingine. Ngoja, shika hii.