Ujumbe wa sauti wa WhatsApp na mwendo wa kuusikiliza

Nimeitumia huduma ya ujumbe wa sauti ya WhatsApp karibu tangu ilipoanza mwaka 2013, na siku hizi ndiyo nyenzo yangu kuu ya kazi, kwa kuwa naandika programu nikiwa Dar es Salaam huku mwenzangu mmoja yuko Arusha na mwingine Mombasa. Naitathmini kwa kipimo kimoja tu: je, inamsaidia mtu kumfungulia mwenzake moyo?

Katika kazi zetu za kompyuta watu hujibizana kwa ufupi mno. "Sawa." "Nimeona." "Imekamilika." Mtu anaweza kuuguza mzazi mwezi mzima na sisi tusijue, maana kazi yake inafika kwa wakati na maandishi hayatetemeki. Wazee wetu angalau walianza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali.

Mwaka jana mwenzetu wa Mombasa alinitumia ujumbe wa dakika 3. Niliusikiliza kwa mwendo wa mara mbili, kama nilivyozoea kusikiliza jumbe zote za kazi, nikapata hitilafu ya seva, tarehe ya kukabidhi, na ombi la kupewa siku mbili. Nikajibu, "Sawa." Usiku, nikiitafuta ile tarehe, niliusikiliza tena kwa mwendo wa kawaida. Baada ya kuomba siku mbili alinyamaza. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga mabati na mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu cha mgonjwa, kisha akavuta pumzi na kusema, "Basi kaka, tutaongea." Asubuhi ukimya ule ulinipita bila kuusikia. Kwenye simu yake alama ya kipaza sauti ilikuwa imegeuka bluu tangu saa nne, na yeye alijua kwamba nimeshamsikia. Nilimpigia palepale, tukaongea kuhusu baba yake hadi saa sita usiku.

Ndiyo maana siusifii sana mwendo wa haraka ulioongezwa mwaka 2021, ingawa unafaa kwa mtu anayeelekezwa njia au bei. Uwezo wa kusitisha kurekodi na kuendelea, ulioletwa mwaka 2022, naupenda kwa dhati, kwa sababu mtu aliyezidiwa na kilio anaweza kutulia, akajifuta machozi, akamalizia neno lake. Kujisikiliza kabla ya kutuma kuna hatari yake, kwani mara nyingi tunaufuta ujumbe uliotoka moyoni na kutuma ule uliopangwa vizuri. Kugeuza sauti kuwa maandishi, huduma iliyokuja mwaka 2024, kunamsaidia aliye mkutanoni, lakini neno huandikwa vilevile, liwe limetoka kwa kicheko au kwa kwikwi.

Kwa usiri sina shaka nayo, maana tangu mwaka 2016 jumbe husimbwa, yaani hufichwa kwa msimbo asioweza kuusoma mtu mwingine, kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na haili bando kubwa. Nawashauri watu wa kazi zetu waitumie. Mwaka 2023 WhatsApp ilimwezesha mtumaji kuamua kwamba ujumbe wake wa sauti usikilizwe mara moja tu. Ningeomba imwezeshe pia kuamua usikilizwe kwa mwendo uleule aliouzungumza.