Chumba cha chini kinaingia maji: sakafu ipi ununue bila kumaliza akiba

Viwanja vya Ilboru, Sekei na Moshono hapa Arusha vimeegemea mteremko wa Mlima Meru. Ukijenga huko, mara nyingi unapata chumba cha ziada huku chini. Upande mmoja kina mlango na dirisha, upande wa pili ukuta wake umebeba udongo wa mlima. Kwetu ndiko wanakolala watoto wakija likizo, na ndiko mama alikoweka cherehani yake na magunia ya mahindi. Ndiko pia maji yanakoingia. Kuanzia vuli ya 2023 hadi masika ya 2024, zile mvua za El Niño zilitutembelea humo mara nne.

Wakati ule tulikuwa na sakafu ya lamineti, zile mbao nyembamba za kupachikana. Muuzaji alituhakikishia kwamba hazipitishi maji. Juu ni kweli hazipitishi, lakini ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na maji hupenya kwenye maungio. Siku ya pili kingo zilivimba, ya tano zilinyanyuka kama vigae vya paa, na kabla wiki ya pili haijaisha tulizitoa zote kwa toroli. Niliumia sana, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kulipia tangi la maji.

Tangu hapo nimebadili swali ninaloingia nalo dukani. Siulizi tena ni sakafu gani inazuia maji. Nauliza ni ipi ambayo maji yakishatoka naweza kuisugua, kuifungulia dirisha, na watoto wakalala humo usiku uleule. Mpangilio ulio hapa chini nimeupima kwa swali hilo, pamoja na bei.

Kwanza lakini jua maji yako yanatokea wapi. Yapo yanayoingia mlangoni kwa sababu uwanja umeinamia nyumba. Yapo yanayojipenyeza kwenye ukuta wa mlimani. Utayajua kwa ule unga mweupe, chumvichumvi, unaobandua rangi. Na yapo yanayopanda kutoka chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Ya mlangoni na ya ukutani dawa yake iko nje: mtaro nyuma ya nyumba, mifereji ya paa, kizingiti kilichoinuliwa. Kama fedha yako inatosha jambo moja tu, chimba mtaro na uiache sakafu kama ilivyo. Fundi wetu alisema neno ambalo sijalisahau: "Dada, huku kwenu maji hayapandi, yanashuka. Yapeni njia."

Kwa yale yanayotoka chini kuna kipimo cha bure. Kata nailoni nzito ya mita moja kwa moja, itandaze kwenye saruji tupu, bandika kingo zote kwa gundi ya tepe, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imekuwa nyeusi pale ilipofunikwa, unyevu unatoka ardhini. Jibu hilo litakuamulia mambo kadhaa mbele, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kulipata.

Ninayoiweka ya kwanza ni sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani saruji laini inayosuguliwa juu ya lipu mpaka iwe nyororo. Najua wengi wanaiona ya kizamani. Ni ile nyekundu ya nyumba za zamani na madarasa, na nyingi bado zinakanyagwa hadi leo. Haina gundi ya kubanduka, haina maungio ya kuhifadhi tope, na unyevu ukitoka chini unapita na kukauka bila kubandua kitu. Ubaya wake ni kwamba kazi mbovu haijifichi, hivyo nitaieleza taratibu.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Lipu ya sakafu yenye unene wa sentimita 5 ni mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, utahitaji mifuko 7 hadi 8 ya kilo 50. Ongeza mmoja wa niru, na rangi nyekundu ya unga ukiipenda. Jamvi la zamani lichokolewe kwa tindo lishike, lifagiliwe, lilowanishwe, na limwagiwe uji wa saruji kabla ya lipu. Mchanga upime kwa chupa ya plastiki: tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, uache utulie. Tabaka nene la tope likijitenga juu, mchanga huo uoshwe au urudishwe.

Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba unataka mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mlangoni au kwenye kona yenye tundu la kutolea maji. Bomba la tundu hilo litokee nje, chini zaidi mteremkoni. Usikubali liunganishwe na karo la choo, maana karo likijaa kitakachorudi chumbani si maji ya mvua. Niru ipigwe lipu ikiwa bado mbichi, kwa mwiko wa chuma. Baada ya hapo sakafu inyweshwe maji siku saba mfululizo, ikifunikwa kwa magunia yaliyolowa. Nyufa nyingi unazoziona kwenye sakafu za mjini zimetokana na kuruka hatua hii, kwa sababu fundi amekwenda kwenye kazi nyingine na mwenye nyumba hakuambiwa. Mwagilia mwenyewe.

Ya pili ni marumaru, au tailizi kama wengine tunavyoziita, ila si kila marumaru. Madukani utakuta nyingi zilizotengenezwa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze, na bei zake si mbaya. Unayoitafuta ni ya poseleni, ambayo kwa kiwango chake hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Za ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10, na kuna wauzaji watakaokupa hizo kwa sababu ni nyepesi na zina maua mazuri. Geuza marumaru, dondosha maji mgongoni. Tone likinywewa ukiwa unalitazama, irudishe. Chagua pia isiyong'aa, kwa kuwa inayong'aa ikiwa na tope ni hatari kwa mzee na kwa mtoto.

Boksi la sentimita 60 kwa 60 lenye marumaru nne linafunika mita za mraba 1.44. Kwa chumba chetu cha 20, ukiongeza asilimia 10 ya zitakazokatwa na kuvunjika, ni maboksi 16. Hakikisha yote yana namba ileile ya toleo, la sivyo rangi zitapishana kidogo na hutaliona hilo mpaka zimeshikana.

Gundi iwe ile ya unga inayochanganywa na maji, si ya kopo iliyo tayari, ambayo hulainika kwenye unyevu. Na msimamie fundi hapa kuliko mahali pengine popote. Wapo wanaoweka madonge matano ya gundi mgongoni mwa marumaru na kuigandamiza, kati kukabaki tupu. Chumba kikavu kitavumilia. Chumba chetu hakivumilii: maji hukaa kwenye ule uwazi, na miezi miwili baadaye kuna harufu ambayo hakuna sabuni inayoiondoa. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno. Kesho yake gongagonga kila marumaru kwa sarafu, na inayolia kama mtungi mtupu ing'olewe kabla hujamlipa. Sketi, ule ukanda wa chini ya ukuta, nayo iwe ya marumaru, isiwe ya mbao.

Ya tatu ni vipande vya marumaru zilizovunjika, vinavyopangwa kama mawe. Mabaki na zilizovunjika dukani mara nyingi utaachiwa kwa bei ndogo ukijua kuongea vizuri. Kinachopanda ni ufundi, maana kazi huchukua siku nyingi na kuna maungio mengi ya kujaza. Ukiwa na kijana wa nyumbani mwenye mkono mtulivu, hii inaweza kushinda zote kwa bei.

Tarazo, ile sakafu ya saruji na vijiwe inayosagwa mpaka iwe nyororo, ningeiweka juu kabisa kwa ubora. Inaoshwa vizuri na inadumu. Lakini inahitaji mashine ya kusaga na fundi anayeijua, na kwa chumba kimoja gharama hiyo haileti maana.

Rangi ya epoksi inunuliwe tu kama nailoni yako ilitoka kavu. Kama ilitoka na matone, itafanya malengelenge na kubanduka vipande vipande.

Kapeti la plastiki la kukata kwa mita linakubalika kwa sharti moja, lisigandishwe. Litandaze tu, mvua ikitisha likunje ulipeleke juu, na maji yakiliwahi likaushwe pande zote mbili. Likigandishwa, ukungu utaota chini yake nawe hutauona. Kwa Juni na Julai, Arusha inapokuwa na baridi ya kuuma miguu, sisi tunatandika mkeka na zulia dogo juu ya niru, basi.

Zulia la ukuta hadi ukuta, mbao na lamineti siziweki kwenye orodha. Zile mbao za plastiki zenye unga wa mawe hazivimbi, hilo nakubali, lakini maji yakishaingia chini yake utalazimika kuzifungua moja moja kuyatoa.

Kuhusu muda, anza mwanzoni mwa Januari. Vuli inakuwa imeisha, na masika kwa kawaida huanza Machi. Kama unaweka marumaru juu ya lipu mpya, ipe siku 28 kwanza. Marumaru tano zilizobaki ziweke juu ya kabati pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toleo, maana mwaka ujao dukani hutazikuta zinazofanana nazo.