Hiace ya kulala, Dar hadi Pangani: kitanda kizuri, betri ndogo

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya bodi nyembamba, dizeli ya lita 3.0, iliyong'olewa viti vya nyuma na kuwekwa kitanda, jiko, friji na sola. Inakodishwa Dar es Salaam kwa siku, bila dereva. Tumeipima kwa safari ambayo wengi huikodia: Ijumaa kwenda Pangani, kulala siku tatu ufukweni, Jumatatu kurudi. Kwenye lami haina neno. Inashindwa mahali pawili: kwenye umeme ikiwa imeegeshwa, na kwenye mchanga ikiwa inatembea.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio unaoharibu samaki. Betri ya nyuma ni ya risasi, Ah 100 (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Usidanganyike na hiyo 100: betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo matumizi halali ni Ah 50 tu. Friji ya lita 40 huvuta ampia 4 hivi kompresa ikiwaka, na kwa joto la Pangani kompresa hulala nusu ya siku tu. Hapo umeshakula karibu Ah 48 kwa saa 24. Weka feni usiku kucha, taa na kuchaji simu, unafika 60. Sola ya wati 100 iliyolazwa bapa juu ya paa hurudisha Ah 25 hadi 30 siku ya jua kali, na ukiegesha chini ya mnazi hairudishi kitu cha maana.

Njiani hutaona shida, maana kuna relei inayochaji betri ya nyuma injini ikiwaka. Unafika Ijumaa imejaa, unalala vizuri, halafu Jumamosi jioni friji inakata. Wateja wengi hudhani friji imekufa, kumbe ni ulinzi wa volti, unaoizima betri ikishuka mno, umefanya kazi yake. Kwenye gari kuna mita: ikisoma volti 12.7 gari likiwa limetulia betri imejaa, 12.2 umefika nusu, chini ya hapo zima friji. Dawa ya bei rahisi ni kugandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu nyumbani na kuzipanga ndani ya friji kabla ya kuondoka. Dawa kamili ni kulala kwenye kambi yenye soketi, ukiwa na waya wa ekstensheni wa mita 20 na chaja ya ampia 10. Vyote viwili havimo kwenye gari. Viombe wakati wa kulipa dhamana. Kampuni ikiweka betri ya lithiamu ya Ah hizo hizo, nusu ya malalamiko haya yatakwisha.

Kitanda, kwa upande wake, kimefanywa na fundi anayejua kazi. Urefu sentimita 185, upana 130, godoro la sentimita 10 juu ya plaiwudi iliyotobolewa matundu. Matundu hayo si urembo. Unyevu wa pwani na jasho hukusanyika chini ya godoro, na pasipo hewa kuvu huota. Mwenye urefu wa kupita sentimita 180 atalazimika kulala mshazari, yaani alale peke yake.

Joto lina siri yake. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na baada ya saa sita za barabara lile joto linabaki ndani kama tanuri la mikate. Ukishafika, fungua milango yote kwa saa nzima kabla ya kushusha chandarua. Kisha egesha ukijua upepo: kwenye ufuko huu bahari iko mashariki, na kusi na kaskazi zote huvuma zikitokea upande wa maji. Mlango wa kuteleza uko kushoto, kwa hiyo pua ya gari ielekee kusini. Watu huegesha pua baharini ili wapate picha nzuri, halafu usiku wanailaumu feni.

Jiko ni la plati mbili, mtungi wa kilo 6, unapikia nyuma chini ya kivuli cha mlango ulioinuliwa. Pakaza povu la sabuni kwenye regyuleta na kiungo cha mpira kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu mtikisiko wa njiani hulegeza klipu. Mvua ikinyesha usifunge mlango ukaendelea kupika ndani. Gesi ya moto huo inaua bila harufu. Tangi la maji ni lita 50, na watu wawili wakipika, wakiosha vyombo na kujimwagia kidogo humaliza lita 20 kwa siku. Visima vya ufukweni vingi vina chumvi, basi beba maji ya kunywa kando.

Barabara haina mengi. Jaza tangi la lita 70 Dar na lita 40 hivi zitakufikisha Pangani. Toka saa kumi na moja alfajiri, pita Bagamoyo hadi Msata badala ya kubanana na malori ya Chalinze, kisha Wami, Mkata, Segera, Muheza, Tanga. Kwenye kila kibao cha 50 shuka kweli mpaka 50. Tochi haina utani, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Njia ya mkato ya udongo kutoka Muheza hadi Pangani iache, hasa masika. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, na njiani kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya zamani yanayostahili nusu saa.

Sasa mchanga. Hiace hii inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, matairi membamba ya inchi 15, na tangi la maji pamoja na kabati vimekaa juu ya ekseli hiyo hiyo. Ukiacha barabara kuu kuelekea kambi za upande wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, utakuta vijia vya mchanga. Shuka, vitembee kwa miguu kwanza. Kisigino kikizama, punguza upepo wa matairi mpaka psi 20, ingia gia ya pili bila kusimama, usipinde usukani ghafla. Gari likianza kuzama achia mafuta palepale. Kuzungusha tairi kunalaza difu juu ya mchanga, na hapo jeki pia inazama usipoiwekea kipande cha ubao. Chimba mbele ya matairi ya nyuma, tandika makuti au mikeka ya sakafuni, watu wasukume. Pampu ya kurudishia upepo ipo chini ya kiti cha abiria. Irudishe kabla ya lami, maana tairi laini kwenye mwendo wa 80 huchemka na kupasuka.

Usiegeshe chini ya mnazi wenye nazi. Na uangalie mwezi. Mwezi mpya na mpevu huleta bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kujaa huangukia karibu saa kumi alfajiri wewe ukiwa usingizini. Kaa juu ya mstari wa mwani uliokauka, tena kwa hatua kumi. Lakini siku hizo hizo ndizo nzuri za kwenda Maziwe kwa mashua: maji hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi, na fungu la mchanga linabaki wazi katikati ya bahari.

Siku ya kurudisha, mwagia chini ya gari maji yasiyo na chumvi, toa mchanga kwenye reli ya mlango wa kuteleza kwa mswaki mkavu, na usipake grisi, maana grisi hushika mchanga. Reli hiyo ndiyo mpokeaji huikagua kwanza, na roda zikiwa zinakwaruza hukatwa kwenye dhamana. Piga picha yake siku unayochukua gari.