Kinyozi wa mbwa mdogo Nairobi: kwa nini nampa nyota nne

Tathmini hii ni ya huduma kamili ya mbwa mdogo katika duka la watu wawili upande wa Lang'ata, Nairobi. Mbwa ni wa aina ya Maltese, kilo 3.6. Bei ni shilingi 2,800, na ndani yake mna kuchana, kuogesha, kukausha, kunyoa, kukata kucha na kusafisha masikio. Nimelipa bei hiyo kila baada ya wiki sita kwa mwaka mzima. Jina la duka nimeliacha kwa makusudi: vinyozi wazuri huhama, na duka lenye sifa linaweza kesho kuajiri mtu asiyejua kushika mkasi. Afadhali msomaji ajue cha kutazama akiwa amesimama mlangoni.

Kilichonifanya nimwamini kinyozi huyu kwanza ni kwamba mbwa haguswi na maji kabla hajachanwa hadi kwenye ngozi. Manyoya ya Maltese ni ya tabaka moja, hayana sufi ya ndani, na hukua bila kukoma kama nywele za mtu. Unywele unaong'oka hauanguki sakafuni, hunaswa na wenzake. Hapo ndipo mafundo huanzia: nyuma ya masikio, kwapani, mapajani kwa ndani, chini ya mkia, na pale mkanda wa kifuani unaposugua. Fundo likilowa kabla ya kufumuliwa hujikaza, sawa na sweta ya sufi iliyofuliwa kwa maji moto, na baada ya hapo hakuna kitana kitakacholiingia. Kinyozi anayeanza na maji ataishia kunyoa kipara, kisha amwambie mwenye mbwa kwamba manyoya yalikuwa mabaya.

Anachofanya kinyozi wangu ni kugawa manyoya kwa mistari, kuanzia miguuni kupanda juu, akitumia burashi ya waya nyembamba zilizopinda, na kurudia mstari uleule kwa kitana cha chuma. Kitana kikipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, sehemu hiyo imekwisha. Fundo dogo hulishika kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto usimfikie mbwa, hulinyunyizia konflawa kidogo lipate kuteleza, kisha hulifumua kuanzia nchani. Kazi hii peke yake huchukua dakika 20 hadi 40. Duka linalomaliza kila kitu kwa dakika 45 limeruka hatua fulani, na mara nyingi ni hii.

Mafundo yakiwa makubwa, kinyozi mwaminifu hukuita uyaguse kwa mkono wako, akueleze kwamba itabidi kunyoa fupi, na asubiri ukubali. Kuyafumua kwa saa mbili ni kumtesa mbwa kwa ajili ya urembo. Kitu cha kukataa hapohapo ni mkasi kuingizwa chini ya fundo. Ngozi ya mbwa mdogo ni nyembamba, na fundo huivuta juu hadi ikawa ndani ya fundo lenyewe bila kuonekana, kwa hiyo mkasi huikata pamoja na manyoya. Mafundo huondolewa kwa mashine, yenye bledi namba 10, ikipitishwa polepole kati ya fundo na ngozi. Masikio yaliyofungwa na mafundo yana hatari yake ya pili: yakishanyolewa, damu hurudi kwa nguvu, mbwa hutikisa kichwa, na mshipa ukipasuka sikio hujaa damu na kuvimba kama mto mdogo. Huyu hulifunga sikio kwa kitambaa laini kwa muda na kukuonya uangalie siku hiyo nzima. Hilo nilipenda sana, kwa kuwa wengi hawalisemi.

Kwa wasiozijua namba za bledi: namba ikiwa kubwa, manyoya hubaki mafupi. Namba 10 huacha kama milimita 1.5, 7F kama 3, 5F kama 6 na 4F kama 9. Herufi F ni bledi yenye meno sawa, inayoacha uso laini. Bledi zenye meno marefu na mafupi kwa zamu zinaweza kunasa ngozi iliyokunjamana, hasa ubavuni karibu na paja, kwapani na kwenye ukingo wa sikio. Ukienda dukani ukasema tu "mpunguze kidogo", usilaumu matokeo. Taja urefu wa manyoya unaotaka ubaki. Kwa Maltese wa nyumbani naomba 4F mwilini, kisha uso na miguu kwa mkasi.

Bledi hupata moto kwa msuguano ndani ya dakika chache. Huyu huigusisha kwenye kifundo cha mkono wake kila mara, na ana bledi mbili za namba moja: moja ikiwa kazini, nyingine inapoa juu ya kigae. Bledi ya moto huunguza tumboni, kinenani na chini ya mkia, na jeraha halionekani mezani. Hujitokeza saa kadhaa baadaye, mbwa anapolamba na kulifanya kidonda. Ukiona mbwa anaburuta makalio sakafuni jioni ile, mgeuze umtazame kabla ya kudhani ni minyoo.

Wenye Pomeranian na Japanese Spitz, haya ya bledi si yenu. Hao wana tabaka mbili za manyoya, na kuwanyoa hadi karibu na ngozi kunaweza kufanya manyoya yakae miezi mingi bila kuota, au yaote kwa mabaka. Kinyozi anayekubali kumnyoa Spitz fupi bila kukuuliza lolote hajui kazi yake.

Maji Nairobi ni habari nyingine. Shawa ya stima hubadilika ghafla presha ya maji ikishuka: sekunde moja vuguvugu, inayofuata yanaunguza. Hapa kinyozi huweka vidole vyake kwenye mkondo wa maji muda wote, kati ya shawa na mbwa. Duka lina tangi, na hilo si anasa, kwa sababu kusuuza kunahitaji maji mengi kuliko kupaka sabuni. Povu likibaki kwapani au chini ya kidevu ngozi huwasha siku mbili baadaye, na lawama huiangukia shampuu. Shampuu yenyewe iwe ya mbwa. Sabuni ya vyombo huondoa mafuta ya ngozi, na mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) yanaweza kumdhuru mbwa mdogo, hata kama chupa imeandikwa kuwa ni ya asili.

Kukausha ndiko ninakokuona kama mtihani wenyewe. Mbwa hutoa joto kwa kuhema. Akifungiwa ndani ya kizimba kinachopulizwa hewa ya moto hana njia ya kupoa, na wapo mbwa waliofia humo wakati mtu yuko kwenye simu. Shih Tzu, Pug na wengine wenye pua fupi huzidiwa mapema zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likikaribia 41 ni dharura. Kwa hiyo uliza moja kwa moja: mnakausha kwa mkono au kwa kizimba? Jibu likiwa kizimba, uliza kama hewa ina joto na nani anakaa naye. Ukijibiwa kwa kusitasita, rudi nyumbani na mbwa wako. Hapa hutumia taulo mbili kwanza, kisha mashine ya upepo usio na moto mkali, ikianzia nyuma ya mwili, haielekezwi usoni wala ndani ya sikio. Mkono mmoja hushika burashi. Dakika 30 hivi zinatosha. Nilimuuliza stima ikipotea katikati anafanyaje, akanionyesha rundo la taulo kavu na kusema siku hiyo kunyoa kunaahirishwa, kwa kuwa manyoya mabichi hayanyoleki sawa. Jibu la mtu aliyekwisha kufikwa na jambo.

Mezani, tazama kitanzi. Mbwa mdogo hafungwi kitanzi cha shingo peke yake, maana Yorkshire, Pomeranian na Chihuahua wengi wana koo la hewa dhaifu linalobonyea likikazwa. Kitanzi kipite pia kifuani, na mkono wa mtu usitoke kwa mbwa hata anapofuata kitana. Akiruka akiwa amefungwa ananing'inia. Angalia pia mguu wa nyuma unavyoinuliwa: unakunjwa chini ya mwili, hauvutwi kando. Wengi wa mbwa hawa mifupa ya mbele ya goti huteleza, na mvuto wa kando huwaumiza hata kama hawapigi kelele.

Kucha anazikata kwa vipande vidogo, akisimama pale doa jeusi linapoonekana katikati ya uso uliokatwa, maana nyuma yake ndipo ulipo mshipa. Unga wa kuzuia damu uko mezani umefunguliwa tayari. Masikio huyafuta tu. Hang'oi nywele za ndani kwenye sikio lenye afya, nami nakubaliana naye. Tezi za mkunduni haziminyi isipokuwa mbwa ana dalili, na hata hapo humtuma kwa daktari.

Sasa dawa za kupe, na hapa naomba tusikilizane. Bado kuna waogeshaji wanaochanganya dawa ya ng'ombe yenye amitraz kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Kwa mbwa wa kilo 3, kosa dogo la kipimo ni sumu: analegea, mapigo ya moyo yanapungua, mwili unapoa. Chihuahua hatakiwi kupakwa kabisa. Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, erlikia na babesia, kwa hiyo kinga ni ya lazima, lakini iwe ya kidonge au matone yaliyopimwa kwa uzito wa mbwa, kutoka kwa daktari wa mifugo. Kama nyumbani kuna paka, taja mapema: dawa ya mbwa yenye permethrin inaweza kumuua paka anayelala naye. Kinyozi wangu akimkuta mbwa na kupe humwonyesha mwenye mbwa, huwatoa kupe kwa kibanio, na haongezi dawa yoyote.

Vivyo hivyo kuhusu kidonge cha kumtuliza mbwa mkali. Dawa ya usingizi ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kinyozi anayekuambia "tutampa kitu kidogo alale" amekwisha kujieleza.

Kadi ya chanjo iliombwa kabla ya bei kutajwa: kichaa cha mbwa, parvo (virusi vinavyoharisha damu) na wenzake, na kikohozi cha mabandani. Niliona hilo ni heshima kwa mbwa wote wa pale. Virusi vya parvo huishi miezi mingi sakafuni, na sabuni ya kawaida haiviui. Klorini ndiyo inayofaa, sehemu 1 ya dawa yenye nguvu ya asilimia 5 kwa sehemu 30 za maji, iachwe dakika 10 juu ya meza iliyokwisha kuoshwa. Duka hili hulifanya hilo kwa meza na beseni. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake, kwa kawaida karibu wiki ya 16, asipelekwe duka lolote.

Nyota ya tano imekosekana kwa mambo mawili. Vitana na mikasi hufutwa tu kati ya mbwa na mbwa badala ya kulowekwa, na fangasi wa ngozi hupita kwa njia hiyohiyo. Nimemwambia, na sasa naenda na kitana changu. Pia manyoya kati ya vidole huachwa marefu; msimu wa mvua tope jekundu huganda humo na kutengeneza vijiwe vinavyomfanya mbwa achechemee. Ukimkumbusha anayatoa.

Kwa anayekwenda duka jipya, ushauri wangu ni kulipia kucha peke yake mara ya kwanza, shilingi mia chache, na kuomba kusimama pale ambapo mbwa hakuoni lakini wewe unaona. Mpe chakula kidogo saa mbili kabla, kwa kuwa mbwa wa chini ya kilo 2 akikaa na njaa na hofu sukari yake hushuka. Uliza kazi itachukua muda gani. Maltese kamili ni saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Ukiambiwa "mlete saa mbili asubuhi, mchukue jioni", uliza saa zile nyingine anakaa wapi, na anakunywa maji ya nani.