Darubini Ndogo kwa Bunduki Nyepesi: Leupold VX-3HD 2.5-8x36 juu ya Tikka T3x Lite

Mtu akinunua bunduki nyepesi ya kuwindia amelipia unafuu wa bega, kwa hiyo inashangaza kuona wengi wanavyourudisha mzigo uleule kwa kuifunga darubini isiyolingana nayo. Tikka T3x Lite, bunduki ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono ili kuingiza risasi) itokayo katika kiwanda cha Sako huko Riihimäki, Ufini, haifiki kilo tatu ikiwa tupu. Ukiiwekea darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 56, ambayo pamoja na pete zake za kuifungia kwenye bunduki inaweza kuzidi gramu 700, utakuwa umeongeza uzito na tena umeuweka juu kabisa, mahali ambapo huifanya bunduki ilale upande inapobebwa mkononi na kuyumba inapokaa juu ya fimbo tatu za kulengea. Ndiyo maana nilichagua Leupold VX-3HD ya 2.5-8x36 kwa Tikka ya kaliba .308 inayotumika katika miombo ya magharibi mwa Tanzania. Kwa kazi hiyo sijaona inayofaa kuizidi, ingawa si kila kilichomo ndani yake kinastahili bei yake.

Darubini hii hutoka kwa kampuni ya Marekani yenye makao yake Beaverton, Oregon. Hukuza kuanzia mara mbili na nusu hadi mara nane, lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 36, bomba lake ni la inchi moja, na uzito wake ni takriban theluthi moja ya kilo. Udogo wa lenzi ya mbele unaruhusu pete za chini kabisa, na hapo ndipo faida yake huonekana kwa mara ya kwanza, kwa sababu kitako cha Tikka ni chembamba na hakikuinuliwa kwa ajili ya darubini za juu. Shavu likikaa imara juu ya kitako, jicho hujikuta nyuma ya lenzi bila kutafuta. Likilazimika kuinuka, mwindaji hulenga kwa kidevu, na mnyama hamsubiri.

Kabla hata ya ubora wa kioo, pima nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma ambao bado unakupa picha kamili. Bunduki nyepesi hupiga teke zaidi, na hilo ni suala la hesabu: kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3.2 pamoja na darubini yake hurudi begani kwa nishati inayozidi ile ya bunduki ya kilo 4.2 kwa karibu theluthi moja. Darubini inayodai jicho likae sentimita 7 au 8 tu huweza kumpasua mtu nyusi, hasa anapolenga mlimani au amelala kifudifudi, kwa kuwa katika mikao hiyo kichwa husogea mbele chenyewe. Leupold hii hutoa karibu sentimita 11 katika ukuzaji mdogo, na hupungua hadi karibu 9 katika ukuzaji mkubwa. Kupungua huko ni kasoro ndogo ya kukumbuka wakati wa kuifunga. Iweke katika ukuzaji wa nane, vaa koti au shati utakalovaa porini, fumba macho, peleka bunduki begani, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, usisogeze shingo, bali legeza pete na kuisogeza darubini mpaka picha ijae. Rudia ukiwa umelala, na ndipo ukaze skrubu kwa zamu, moja hapa na moja upande wa pili, nafasi kati ya nusu mbili za pete ikibaki sawa pande zote.

Watakaoniuliza kuhusu mwanga wa jioni watakuwa na haki, kwa sababu lenzi ya milimita 36 huonekana ndogo mbele ya zile za Ulaya. Lakini tuangalie hesabu yenyewe. Ukigawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa duara la mwanga linalolifikia jicho: katika ukuzaji wa sita, 36 huleta milimita 6, na mboni ya mtu mzima gizani hupanuka kwa wastani wa milimita 5 hadi 7, tena hupungua kadiri umri unavyosonga. Zaidi ya hapo ni mwanga ambao jicho halina pa kuuweka. Lenzi ya 56 ilizaliwa kwa ajili ya mwindaji wa Ulaya ya kati anayekaa juu ya kibanda cha mbao akiwasubiri nguruwe mwitu kwa mwanga wa mwezi. Kwetu, karibu na ikweta, giza huingia ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama, uwindaji wa usiku hauruhusiwi, na bwana nyama anayefuatana nawe atakuwa amekwisha kukuambia ufungue chemba na kutoa risasi.

Ndani ya miombo, ukuzaji mdogo ndio unaofanya kazi. Pongo au swala pala husimama nyuma ya majani kwa mita 60 au 80, akionyesha bega na kipande cha shingo tu, na mtu aliyeacha darubini kwenye nane huona manyoya na matawi bila kujua ni sehemu gani ya mwili. Katika mbili na nusu unaona mnyama mzima pamoja na wenzake walio nyuma yake, na hilo la pili ni la lazima, maana risasi ya .308 huweza kupita. Nane yatosha mno kwa tandala aliyesimama mita 200. Kwa risasi ya kawaida ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), mimi hurekebisha shabaha iwe juu kwa sentimita 5 kwenye mita 100, hivyo risasi hurudi katika msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini karibu na mita 180, na sihitaji kugusa chochote. Nyati hayumo katika mazungumzo haya. Yeye ni wa kaliba .375 na kuendelea.

Kwa sababu hiyohiyo, kirungu cha juu cha darubini hii kinachozungushwa ili kurekebisha shabaha kulingana na umbali, chenye kitufe cha kukifunga kisizunguke ovyo, sioni kuwa kina manufaa hapa. Kiwanda hukichonga kwa risasi maalumu, mwendo wake, mwinuko na joto la mahali, na mtu anayetumia risasi yoyote aliyoipata dukani atakuwa anazungusha namba zisizo zake. Kofia ya kawaida ya kufunika skrubu ingekuwa nyepesi na ingetosha.

Upande wa kioo, Swarovski Z3 ya 3-10x42 kutoka Absam, Austria, humshinda mshindani wake wa Marekani, hasa pembezoni mwa picha, na uzito wake wa gramu 360 hivi hauielemei Tikka. Anayewinda kwenye mbuga za wazi na mwenye fedha za ziada aichukue. Darubini ya ukuzaji mmoja usiobadilika wa mara sita huweza kuwa imara kuliko zote mbili, ila kwenye vichaka sita ni nyingi.

Kuhusu kuipata, maduka mengi ya Marekani, ambako huuzwa kwa dola 500 na ushei, hayatumi darubini za bunduki nje, kwa kuwa usafirishaji wake unahitaji kibali cha serikali yao. Njia iliyonyooka ni muuzaji wa silaha mwenye leseni hapa nchini, na umwagize pete za chini za inchi moja zinazoingia kwenye mifereji ya milimita 17 iliyo juu ya Tikka, kwa sababu akikupa zile ndefu faida yote ya lenzi ndogo imepotea.