Tiketi ya kipande kimoja Kabukiza: nilikwenda kutazama miguu ya Tamasaburō

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Viti vizuri vya ghorofa ya chini pale Kabukiza, jumba la maonyesho ya kabuki lililoko Ginza, jijini Tokyo, huzidi yen 15,000, na mtu hukaa humo saa tatu au nne pamoja na mapumziko. Mimi sikufikisha yen 2,000. Nilinunua tiketi ya kipande kimoja, ile Wajapani wanayoiita makumi: unapandishwa ghorofa ya nne, unatazama mchezo mmoja tu kati ya michezo ya jioni hiyo, ukiisha unashuka zako. Mchezo wangu ulikuwa ngoma ya dakika ishirini hivi. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kwa mambo ya saa nzima ambayo leo siyakumbuki.

Sasa nieleze kilichonipeleka, kwa sababu mimi si mtu wa sanaa. Kazi yangu ni fiziotherapia. Siku nzima nashika magoti ya watu, nahesabu hatua, nagombana na wanaume wazima wasiotaka kufanya mazoezi nyumbani. Nilikuwa Japani kwa mafunzo ya miezi mitatu, na siku moja mwalimu wetu, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alitukuta mimi na wenzangu tunalitazama bango la kabuki, ule uigizaji wa kijadi wa Kijapani wenye muziki na ngoma, ukutani kituo cha treni. Palikuwa na picha ya mwanamke mzuri hasa, shingo ndefu, jicho limeinama. Akasema, "Huyu ana zaidi ya miaka 70, ni mwanamume, na alipokuwa mtoto aliugua polio." Kisha treni ikaja.

Nilikaa na maneno yale njia nzima. Kwetu bado napokea watu wazima waliougua polio utotoni, mguu mmoja mwembamba kama mkono, nyonga imekwisha kujipindia njia yake. Nilitaka kumwona huyo bwana akitembea, basi.

Jina lake la jukwaani ni Bandō Tamasaburō wa 5. Alizaliwa Tokyo tarehe 25 Aprili 1950, na katika ulimwengu wa kabuki, ambako mtoto hurithi jina na kazi kwa baba kama vile watu wanavyorithi shamba, yeye alitoka nje kabisa: kwao hawakuwa waigizaji. Baada ya ugonjwa wazazi walimpeleka kujifunza ngoma za kijadi ili miguu ipate nguvu. Hapo nilicheka peke yangu, maana ndiyo ushauri ninaoutoa kila wiki na hakuna mzazi anayeusikiliza. Akachukuliwa na mwigizaji Morita Kan'ya wa 14, akapanda jukwaani mara ya kwanza Desemba 1957 kwa jina la Bandō Kinoji, ana miaka saba. Mwaka 1964, akiwa na miaka 14 na Kan'ya amekwisha kumfanya mwanawe wa kumlea, akapewa jina hili analotumia hadi leo.

Yeye ni onnagata, yaani mwanamume anayecheza nafasi za kike. Wengi hudhani hilo ni jambo la ajabu ajabu la kisasa, lakini ni kinyume. Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, kule Kyoto mwanzoni mwa miaka ya 1600. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa enzi hizo, ikawapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, kwa madai ya kulinda maadili, na tangu hapo wanaume wakalazimika kuzivaa nafasi hizo. Marufuku iliondoka zamani, ufundi ukabaki. Onnagata hamwigi mwanamke fulani aliyemwona sokoni. Ana mwili wake wa kujifunza, na mwili huo una kanuni kama za kazini kwangu: mabega yanarudishwa nyuma na kushushwa, vidole vinabanana, vidole gumba vinafichwa, ncha za miguu zinaingia ndani, magoti hayaachani. Wanafunzi hufanyishwa mazoezi ya kutembea wamebana karatasi kati ya magoti. Ikidondoka, unaanza upya.

Halafu kuna urefu. Tamasaburō ana sentimita 173 hivi, na kwa onnagata wa kizazi chake huo ulikuwa mzigo. Mwanamke wa jukwaani hatakiwi kumzidi mpenzi wake kimo. Kwa hiyo anashusha nyonga, anakunja magoti ndani ya kimono, mgongo unabaki umenyooka, na anatembea hivyo hivyo. Jaribu hapo ulipo. Kaa kama unayetaka kuketi kwenye kigoda ambacho hakipo, kisha tembea unyororo bila kichwa kupanda na kushuka. Mimi na miguu yangu mizima niliweza dakika moja na nusu chumbani, nikashika ukuta.

Mwalimu alipoona nimeshikwa, akaniazima DVD yake ya Sagi Musume, ngoma iliyochezwa kwanza mwaka 1762. Nimeipa jina la Binti Yangeyange, kwa sababu ni huyo ndege mweupe hasa, katika umbo la msichana aliyependa asipopaswa kupenda. Anaanza amesimama kwenye theluji kwa kimono cheupe na mwavuli. Mara nguo inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Nilirudisha nyuma mara nne nikajua: kimono cha juu kimeunganishwa kwa uzi wa kushikiza tu, na msaidizi aliyechutama nyuma yake huchomoa nyuzi moja moja wakati yeye anaendelea kucheza, kisha kwa mvuto mmoja nguo yote inatoka na ya chini inaonekana. Fundi wangu wa Kariakoo angelia machozi. Mwishoni ndege anakufa chini ya theluji ya karatasi, na hapo kuna pale anapopinda mgongo kwenda nyuma, magoti yamekunjwa, kichwa kinakaribia sakafu. Nilisimamisha picha. Nikatazama nyonga. Hakuna upande uliolegea.

Ngoma hiyo ndiyo aliyoicheza New York mwaka 1984, kwenye sherehe ya miaka mia moja ya jumba la Metropolitan Opera. Lakini ukiniuliza mimi, kazi yake ya kutisha zaidi ni Akoya. Mwanamke anahojiwa alipojificha mpenzi wake, na badala ya viboko hakimu anamletea ala tatu za nyuzi: koto, shamisen na kokyū. Apige zote. Akidanganya, mkono utatetemeka na muziki utamsaliti. Mwigizaji anapiga kweli, mwenyewe, akiwa amebeba wigi na mavazi mazito, na huku uso unatakiwa uonyeshe anamfikiria mtu mwingine. Kwa miaka mingi hapakuwa na mwingine aliyeicheza ila yeye. Desemba 2018 akaanza kuwapokeza vijana wawili, Nakamura Baishi na Nakamura Kotarō, wakibadilishana naye siku kwa siku. Mtu angeweza kufa na siri yake, akasifiwa vilevile.

Mengine nayataja mbio mbio: mwaka 1969 alicheza binti mfalme katika mchezo wa mwandishi Mishima Yukio akiwa na miaka 19, akang'ara, amekuwa Lady Macbeth wa Shakespeare, mwaka 2008 alicheza opera ya Kichina ya kunqu na kundi la Suzhou, kwa Kichina, ameongoza filamu na kundi la wapiga ngoma la Kodō. Mwaka 2012 Japani ikamtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa. Tuzo zake nyingine naziacha, ni nyingi na hazitembei.

Turudi kwenye tiketi. Viti vyenye namba vya ghorofa ya nne hufunguliwa mtandaoni saa sita mchana, siku moja kabla. Si saa sita na dakika kumi. Mimi nilifungua na dakika kumi, nikiwa na sahani ya wali mkononi, nikakuta siku yangu imejaa. Siku ya pili nikaacha wali. Vipo pia viti vichache visivyo na namba vya kununua siku hiyohiyo, ila kwa Tamasaburō na mwigizaji mkongwe mwenzake Kataoka Nizaemon kwenye bango moja, usitegemee.

Stesheni ni Higashi-Ginza, iko chini ya jumba lenyewe, huhitaji hata mwavuli. Jumba ni la tano kujengwa katika jina hilo tangu 1889. La sasa lilifunguliwa Aprili 2013, na mgongoni limebebeshwa mnara wa ofisi wa ghorofa 29. Nilipanda ngazi za mlango mkubwa kwa maringo yote, kitenge changu kipya, nikaonyesha simu, na dada mmoja mwenye glavu nyeupe akaniinamia na kunielekeza kwa adabu kushoto, kwenye mlango mdogo. Tiketi ya kipande ina mlango wake na lifti yake. Huko juu huruhusiwi kushuka kwenye ghorofa nyingine, kwa hiyo maduka na vibanda vya bento, chakula cha boksi, ndani ya ukumbi vyasikie tu. Kula kabla.

Ghorofa ya nne ni mbali. Nisidanganye mtu. Nyuso zinakuwa kama kidole gumba. Njoo na darubini. Mimi sikuwa nayo. Kulia kwangu alikaa bibi mmoja, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, ana darubini ndogo yenye kamba iliyochakaa, na kwa jinsi alivyokunja koti lake na kuliweka chini ya kiti bila kutazama, nilijua hapo ni kwake.

Pazia la mistari ya rangi nyeusi, ya persimoni na ya kijani likavutwa. Ilikuwa Aprili 2024, ngoma ni Kanda Matsuri, sikukuu ya mtaa wa Kanda katika Tokyo ya zamani. Nizaemon ndiye kiongozi wa vijana wa mtaa, amekunywa kidogo. Tamasaburō ni geisha wake, mwanamke wa kuburudisha wageni kwa ngoma na muziki. Nizaemon alikuwa na miaka 80. Tamasaburō alibakiza siku chache atimize 74. Wawili hawa wamecheza wapenzi tangu miaka ya 1970, enzi hizo Nizaemon akiitwa Takao, na mashabiki waliwaunganisha majina wakawaita Taka-Tama.

Alipotokea tu, nyuma yangu mtu akapaza sauti, neno moja, kavu kama mlango uliogongwa: "Yamatoya!" Nikaruka. Hilo ni jina la nyumba yake ya kisanii. Wanaoita ni wazoefu, na hukaa huku juu huku kwenye viti vya bei ndogo, wanajua mapigo ya muziki yanaacha nafasi wapi. Kwenye taarabu ukiguswa unainuka, unacheza hadi mbele, unamtunza msanii noti. Hapa hakuna kuinuka. Unamrushia jina lake, unanyamaza.

Bibi aliona nakodoa macho akaniazima darubini. Nikaielekeza ninakotaka: chini. Pindo la kimono, nyayo ndani ya soksi nyeupe. Anateleza. Anapogeuka, uzito unahama mguu hadi mguu kabla mwili haujageuka, na sehemu ya juu haina habari. Kuna mahali alipita mbele ya Nizaemon, akashuka kimo kwa hatua tatu hivi, taratibu, mpaka kichwa chake kikawa chini ya bega la mwenzake, na hakuna aliyeona akishuka. Mimi niliona, kwa sababu sikuwa natazama kitu kingine. Nikamtafuta mtoto wa polio, kwa jicho la kazi, kushoto na kulia, na sikumpata.

Bibi akanigusa mkono. Akaonyesha darubini, akaonyesha uso wake mwenyewe. "Kao," akasema, "kao." Uso. Alidhani sijui kuilenga. Nikapandisha darubini kwa heshima. Kule juu Tamasaburō alikuwa anamtazama Nizaemon kwa jicho la pembeni, lile jicho la mwanamke anayejua atakayoyasema mumewe kabla hajayasema, akatabasamu kidogo. Wallahi nilisahau miguu.

Nyota ngapi? Nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya hanamichi, ile njia ya mbao inayotoka jukwaani na kukata katikati ya watazamaji hadi nyuma ya ukumbi. Kutoka ghorofa ya nne unaona kipande chake kilicho karibu na jukwaa tu. Na Kanda Matsuri inaishia huko. Wawili wale wakainamia watu, kulia, kushoto, hata huku juu, kisha wakashika njia bega kwa bega, yeye amemwegemea, wananong'onezana kama wana miaka ishirini. Hatua saba, nane, wakaingia chini ya ukingo wa roshani yetu. Watu wote wa ghorofa ya nne tukainama mbele kwa pamoja na hatukuona kitu. Chini yetu makofi yalikuwa yanasogea kuelekea nyuma ya ukumbi, na bibi, darubini mapajani, alikuwa amefumba macho anayafuata.